Kilori cha Mama Mbambu

Haya yalimpata rafiki yangu Oyat, fundi wa magari pale Bwaise, na mpaka leo ukimkumbusha anakasirika kwanza, ndipo anaogopa.

Siku nzima alihangaika na kilori cha petroli cha Mama Mbambu, Mkongo muuza vitenge. Alibadilisha plagi zote, akabadilisha na koili zote, lakini injini bado ilikohoa na kushtuka. Mawingu yakafunga, mchana ukawa giza, na mtaro ukaanza kumwaga maji barabarani.

"Fundi, haujamaliza? Maji inakuja, na vitenge yangu yote iko humu!" Mama Mbambu alipiga kelele kutoka kwenye usukani.

"Wewe kanyaga mafuta tu, Mama!"

Injini ikinguruma, Oyat alichomoa koili moja, kama mafundi wanavyotafuta ubovu: ukichomoa iliyo nzima, mlio unaharibika. Mlio ukawa afadhali. Akatukana, akachomoa nyingine. Afadhali zaidi. Kwa hasira akazichomoa zote, injini izime, masikio yapumzike. Bila koili plagi hazitoi cheche na petroli haiwaki, kila fundi anajua.

Injini ikatulia, ikanguruma laini kama mpya.

"Imepona!" Mama Mbambu alishuka mbio, akabamiza boneti mwenyewe. "Mungu akubariki, fundi!"

Akarukia tena kwenye usukani. Kilori kikaingia majini, kikapotelea gizani. Ule mlio mzuri aliendelea kuusikia mpaka kwenye kona, na koili zote alikuwa nazo mikononi.