Kopo la Mbegu Nyekundu

Kabati halikuvunjwa. Ufunguo ulikuwa unaning'inia kwenye msumari wake, kufuli liko wazi, na chupa ya mbegu haipo. Pale iliposimama palibaki duara safi katikati ya vumbi.

Inspekta, mama wa makamo, aliinama akalitazama lile duara kama anayesoma barua.

"Mbegu za pilipili tu, Daktari? Mbona sokoni zimejaa?"

Mtafiti wa kituo cha kilimo alikuwa ameketi juu ya ndoo, kichwa mikononi. "Si hizi, afande. Misimu saba nachagua mche mmoja mmoja uliokataa ugonjwa wa mnyauko. Chupa ni hiyo moja." Akainua kichwa. "Tena zimepakwa dawa nyekundu ya ukungu. Ni sumu. Mtu akizitia mchuzini..."

Inspekta alitazama saa. Saa nne na nusu. Majiko ya mchana yalikuwa karibu kuwashwa.

Alipuliza unga wa alama za vidole kwenye mlango wa kabati. Alama zote zilikuwa zimeteleza. Akanusa.

"Mafuta ya kupikia! Mwizi gani huyu, alikuja kuiba au kukaanga?"

Bibi shamba, mwalimu wa wakulima, aliona haya. "Huyo ni mwanafunzi wangu, afande. Pilipili inaunguza, na maji matupu hayaiondoi. Nawafundisha wapake mafuta mikononi kabla ya kugusa mbegu."

"Wako wangapi?"

"Kumi na wawili. Lakini tangu juzi hajaingia hata mmoja, mlinzi ni shahidi. Na chupa niliiona jana jioni."

"Basi kuna mwanafunzi wa kumi na tatu," Inspekta alisema polepole. "Usiyemjua."

Mlango ulisukumwa kwa goti. Aliingia mfagizi wa kituo, mjane waliyemzoea kwa jina la Mama Chai, na trei yake.

"Karibuni, wanangu. Hata polisi ana koo."

Inspekta alipokea kikombe. Macho yake yalibaki kwenye kidole gumba kilichokishika. Ukucha ulikuwa mwekundu.

"Urembo huo, mama."

"Uzee haukatazi, mwanangu."

"Kidole kimoja tu? Hivyo tisa vimekukosea nini?"

Mama Chai alikificha kidole chini ya trei.

"Mama, zile mbegu zina sumu!" Mtafiti aliropoka.

Trei ilianguka. "Sumu? Yesu na Maria! Mkwe wangu anapika! Nimezificha kwenye kopo la bizari!"

Walikimbilia gari. Simu ya mkwe iliita ikakatika, ikaita tena ikakatika. Mama Chai alikuwa kiti cha nyuma, anajipiga mapaja. "Wajukuu zangu, jamani. Wajukuu zangu."

Walimkuta mkwe amesimama jikoni, sufuria inachemka, kijiko kimejaa mbegu.

"Weka chini!" Inspekta alifoka.

Kijiko kilidondoka sakafuni. Watoto wawili waliokuwa wakigonga sahani zao walimkimbilia bibi yao.

"Sijatia bado," mkwe alisema. "Nilidhani mama kaleta kiungo kipya."

Kopo la chakula ni la chakula. Tunaambiana kila siku, na kila siku tunaona ni maneno ya watu wenye woga.

Mkwe alioshwa mikono kwa sabuni, sakafu ikasuguliwa, kopo likafungwa kwenye mfuko wa ushahidi. Mama Chai alikaa kwenye kizingiti na kukiri bila kulazimishwa.

"Shamba langu limenyauka misimu mitatu. Niliomba mbegu kidogo, nikaambiwa ni za wakulima walio kwenye orodha. Mimi ni wa ufagio. Jana nikawa wa mwisho kufunga ofisi, nikachukua."

"Na rangi hukuishangaa?" Inspekta aliuliza. "Mbegu ya pilipili si nyeupe?"

"Niliishangaa. Nikasema ndiyo sura ya mbegu mpya."

Bibi shamba alichuchumaa mbele yake. "Lakini, mama, kila somo nasema! Nikimaliza habari ya mafuta, nasema nyekundu ni sumu. Na wewe uko pale nyuma na ufagio wako!"

"Nipo, mwanangu." Mama Chai aliufuta ule ukucha kwenye khanga, rangi haikutoka. "Mafuta nayajua vizuri. Ukiyamaliza tu, unanituma chai."