Itika Vizuri

Filamu ilikuwa bubu. Hilo Apolonia alilijua tangu Isack, mumewe, alipoinunua pamoja na projekta yake kwenye mnada wa vitu vya marehemu huko Sugar Land. Sasa nani aliyevuta pumzi sebuleni, pumzi ndefu ya mtu anayetaka kuanza kuimba?

Alichungulia kutoka jikoni. Binti yake Glory alikuwa peke yake kwenye kochi, mapazia yamefungwa mchana kweupe. Ukutani, binti wa mwenye kinu cha kusaga unga alikuwa akimwimbia askari mpenzi wake, midomo inacheza tu. Hadithi hiyo ya mapenzi ilianza kama opereta, mchezo wa kuimba uliojaza kumbi enzi hizo. Walipoipiga picha, nyimbo zote zikabaki nje. Masikini mwanamke yule! Karne nzima anaimba na hasikiki. Harufu ya poda kuukuu, kama ya waigizaji wa zamani, ikamfikia Apolonia mlangoni.

"Glory!"

"What?"

"Hee! Nimekufundisha nini? Itika vizuri!"

"Abee, mama," mtoto akasema, amenuna.

Apolonia akarudi kwenye wali wake, ameridhika. Ndipo akasikia mwanawe anaitwa tena, "Glory!", kwa sauti kavu ya chini ambayo haikuwa ya mtu yeyote wa nyumba ile, na kabla hajautupa mwiko, kabla hajafika mlangoni, kabla hajapata hata nafasi ya kupiga kelele asiitike, maana bibi yake alimkanya tangu utotoni kwamba usiyemwona akikuita unyamaze, mtoto wa watu akaitika kwa adabu yote aliyofundishwa:

"Abee!"

Projekta ikazimika. Glory akafungua mdomo kulia. Machozi yalitoka, sauti haikutoka.

Madaktari hawakuona kitu. Isack, aliyekuwa Dallas na lori lake, aligeuza siku hiyohiyo, akaichoma kanda uani. Mchungaji Polycarpe, Mkongomani, akaomba mpaka shati likaloa.

"Jini haichukuake sauti kwa nguvu, mama," alinong'ona. "Mutoto aliitika. Nani alimufundisha kuitika vile?"

"Mimi," Apolonia akalia. "Ni mimi, mchungaji!"

Akapiga magoti mbele ya mwanawe, akamshika mashavu.

"Mwanangu, nijibu hata kwa Kiingereza. Sema 'what' tu, sitakugombeza tena. Glory!"

Midomo ya mtoto ikacheza tu, kama ya yule mwanamke wa filamu. Harufu ya poda ikajaa sebuleni. Kisha kutoka kwenye ukuta mweupe, mtupu, sauti ya Glory ikaitika, tamu, kwa adabu:

"Abee, mama."