Sauti Iliyotangazwa Chaka

Rauta ya kanisa la Chaka, kile kifaa cha kuunganisha mtandao, ilitangaza alfajiri kwamba kuna mtu anaongoza maombi, na studio ya kanisa ilikuwa imefungwa tangu Murugi azikwe.

Mitandao ina tabia za kijiji, nakuambia. Rauta ikipata sauti humwambia jirani, "Kwangu kuna anayeongea," na jirani humpasha jirani yake, hata Nanyuki, hata Kianyaga, wala hakuna anayeuliza kama ni kweli. Ila sauti yenyewe haitoki nyumbani mpaka mtu wa kule aiombe. Wambugu ndiye aliyeunganisha makanisa ya miji hiyo, ili mkewe Murugi aombee miji yote kwa pamoja.

Meera, fundi wa mtandao wa Nanyuki, alimpigia simu.

"Wambugu, pole sana. Hiyo mashine ya Murugi ya studio si mlizima?"

"Tulizima. Waya nilitoa mwenyewe."

"Basi nani anaongea?" Meera alinong'ona. "Na kuna mtu Kianyaga anasikiliza."

Wambugu alimjua mtu huyo. Alienda Kianyaga, akamkuta mama mkwe wake, Tabby, peke yake kanisani, amekonda, uji umemgandia kikombeni. Watu wa mlimani husema majini ni mambo ya Pwani. Haya, waseme! Kanisa zima lilinuka ile dawa ya kifua waliyompaka Murugi siku za mwisho, na kutoka kwenye spika sauti yake ikaomba, ikakohoa, ikaomba tena, kisha ikaacha maombi ikaanza kumwita mama yake polepole, kwa upole wa mtu anayejua ataitikiwa.

"Mami, huyo si Murugi."

"Kwani sijui sauti ya mtoto wangu? Ati ako na baridi. Ati niende."

Wambugu alilia. Naye alitamani kusikiliza, hata kidogo tu, lakini mama alikuwa anaisha mbele ya macho yake. Akafungua kompyuta, akaiamuru rauta ya Chaka isitangaze chochote kwa majirani. Spika ikanyamaza.

"Umemwacha peke yake," Tabby alisema.

Alimpeleka nyumbani, akampikia uji mwingine. Mama aliumaliza wote, akaingia kulala mapema, na Wambugu akamshukuru Mungu.

Kulipokucha Meera alipiga tena.

"Ya Chaka imeisha. Lakini kuna ingine, na inatoka huko Kianyaga. Ni wanawake wawili, Wambugu. Mmoja ni mzee. Anamwita huyo mwingine, 'Mtoto wangu.'"

Kianyaga! Hakuwa amefunga upande wa Kianyaga. Akakimbilia chumbani. Tabby alikuwa amelala chali, baridi kabisa, uso umetulia kama wa mtu aliyefika.

"Nifunge?" Meera aliuliza. "Niambie nifunge saa hii."

Wambugu aliketi kitandani, akaushika mkono wa mama. Nyumba ilikuwa kimya, kimya cha kuumiza masikio.

"Usifunge," alisema. "Na mimi niunganishe, niwasikie."