Pasi Zilizolowa Mosi-oa-Tunya

Kila asubuhi ya kiangazi, Milembe alianika matobolwa, vile viazi vitamu vilivyochemshwa na kukatwakatwa, uani kwa shangazi yake Specioza mjini Bariadi. Kwanza alitazama angani. Kama hakuna wingu, alianika na kwenda shule bila wasiwasi. Anga haikuwahi kumdanganya, naye alijivunia hilo kupita kiasi.

Likizo ya Juni walikwenda Zambia kumsalimia Luhende, mtoto wa shangazi, anayefanya kazi Livingstone. Akawapeleka kuona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Shangazi hakuwa mtu wa kuacha pasi za kusafiria nyumbani. Alimkabidhi Milembe pasi zao mbili ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa vizuri.

Getini jua liliwaka. Milembe aliona mfuko ule unafaa zaidi kwa matobolwa ya njiani. Akazitoa pasi na kuzitia kwenye mkoba wa kitambaa. Luhende alipotaka kukodi makoti ya mvua, Milembe akacheka.

"Mvua itoke wapi, kaka? Hata wingu hakuna."

"Haya, mtaalamu," alisema Luhende.

Maji yaliporomoka korongoni kwa kishindo, kisha yakarudi juu kama moshi na kuwanyeshea. Kwao Milembe alizoea kuchimba mchanga wa mto mkavu ili apate ndoo moja ya maji. Alifurahi mno, akasimama palepale akilowa.

Ndipo akakumbuka mkoba. Matobolwa yalikuwa makavu kabisa, lakini pasi zilichuruzika maji, na keshokutwa ilikuwa safari ya kurudi. Alitamani kuzirudisha kimyakimya kwenye mfuko wa plastiki. Lakini akazitoa, akamwendea shangazi.

"Shangazi, nimekosa," alisema, akamweleza yote.

Shangazi alishika kichwa. Kisha akaketi, akafungua kurasa moja moja na kupachika karatasi laini katikati. Luhende aliwawahisha nyumbani kwake, na mchana kutwa pasi zikakaa mbele ya feni.

Mpakani Nakonde, ofisa alizigeuza, akakunja uso, akatazama picha, akamtazama Milembe. Halafu akagonga muhuri. Milembe alishusha pumzi hadi shangazi akacheka.

"Ungezificha zikiwa mbichi, kurasa zingegandana," shangazi alimwambia wakitoka. "Kiburi chako kimezilowesha, mwanangu. Lakini ulisema kosa lako mapema, wakati bado linatengenezeka. Fanya hivyo siku zote, hata ukiogopa. Sasa twende nyumbani."