Mstari wa Pili Kwenye Kioo

Uvumi ulimganda Sulochana, askari kanzu: majina ya wanaowapa polisi siri za wahalifu wa msituni yataibwa siku mashine zitakapowashwa baada ya ibada.

Aliyesema alikuwa dereva wa lori, mlevi. Angeweza kumpuuza.

Hakuweza. Kati ya majina hayo lilikuwemo la Narasamma, mama wa watoto wawili, aliyefichua njia ya magendo ya msandali mwekundu, mti wa thamani. Jina likivuja, hafiki kesho.

Simu ya kituo ilitetemeka, ikimwita kwa jina lake la siri.

"Tai, uko wapi?"

"Mjini Chittoor. Chumba cha seva, ilipo orodha ya majina."

"Tazama zikiwashwa. Usimwamini mtu."

Jana ilikuwa sikukuu ya Kihindu ya kuziombea zana. Mashine zote zilizimwa, zikafunguliwa, zikapakwa poda nyekundu na kuvishwa asumini.

Fundi Kotayya alibonyeza swichi. Seva ikanguruma, ikaanza kujipima yenyewe kama kila iwashwapo: feni, kumbukumbu, diski.

Ikalia mara mbili. Ikagoma.

"Kila mwaka ni hivi hivi," Kotayya alicheka. "Inalalamika mfuniko ulifunguliwa. Sasa dada, ningeipaka poda ndani kwa kupulizia kutoka nje? Nabonyeza F1, inaruka, tunakunywa chai."

Kidole kilishuka.

Sulochana aliudaka mkono.

"Aa, dada! Utanivunja, mke wangu bado ananihitaji!"

"Soma mstari wa pili kwenye kioo."

"Nani husoma wa pili?"

"Soma."

Kicheko kikamkauka. "Kadi mpya... nafasi ya tatu." Akamgeukia. "Mimi sijaweka kadi."

"Jana nani aliingia humu?"

"Muuza maua tu. Nilimwachia ayapange."

"Na ungebonyeza?"

"Seva ingeikubali. Ingewaka nayo."

Sulochana alichomoa waya wa umeme, akafungua mfuniko. Kadi ilikuwa pale, haina chapa, imepakwa poda kama nyingine. Antena yake ya kurushia data ilikuwa fupi kama ukucha.

Basi mpokeaji wa majina yuko karibu.

Alichungulia dirishani. Magari yote ya mtaa yalikuwa na mashada ya maua ya ibada ya jana, na malimau yaliyopondwa chini ya matairi.

Isipokuwa moja, Bolero nyeupe, halikuombewa.

Alitoka kwa mlango wa nyuma wa jengo. Bastola yake ikagusa sikio la dereva wa Bolero.

"Zima gari."

Abiria alikuwa na kompyuta mapajani. "Dada yetu, sisi tunasubiri chai tu."

"Inakuja. Na pingu."

Akashika redio. "Tai kwa kituo. Wawili, na muuza maua atafutwe. Majina hayajatoka."

"Narasamma?"

"Hajui kitu. Aendelee kutojua."

"Hongera, Tai."

Alingoja furaha ije. Haikuja. Polisi walipowachukua wale wawili, alivuka barabara, akapotea kati ya watu bila kugeuka.

Nanyi mnaokaa na mashine hizi, epukeni haya:

Kubonyeza ili maneno yapite kabla hujayasoma.

Kuishia mstari wa kwanza.

Kuizima sauti kwa sababu inakera.

Kumwacha mgeni peke yake chumbani, hata akibeba maua ya Mungu.

Kusema "kila mwaka ni hivi hivi." Humo ndani mna mama wa watu.