Kura Moja kwa Kila Mkulima

Mama Pacha na mumewe walikuwa na ng'ombe wanne. Maziwa ya asubuhi hayakuwapa shida, kwa sababu gari la kiwanda cha maziwa lilipita saa mbili. Shida ilikuwa maziwa ya jioni. Waliyaweka madebe ndani ya maji baridi, lakini siku za joto maziwa yalichacha kabla ya kukucha. Siku hizo mbwa walishiba kuliko watoto.

Nguzo za umeme ziliishia mjini, kilomita kumi kutoka kwao. Mume wa Mama Pacha alikwenda kwenye kampuni ya umeme mara tatu. Mara zote alijibiwa kwamba nyumba za wakulima zimetawanyika mno, kwa hiyo kampuni haitapata faida.

Jirani yao waliyemwita Fundi alikuwa amestaafu kazi ya kuvuta nyaya. Asubuhi moja alimkuta Mama Pacha akimwaga maziwa. Alivuta kigoda akakaa.

"Shemeji," alisema, "mnangoja kampuni iwaonee huruma. Mtangoja sana. Undeni ushirika wenu wa umeme."

Mama Pacha alitaka kujua ushirika huo ni kitu gani. Fundi alimweleza polepole. Wakulima wanajiunga, na kila mmoja ananunua hisa. Wanaandika katiba, wanachagua kamati, kisha wanajiandikisha kwa afisa wa ushirika. Baadaye wanasimika nguzo zao, wananunua umeme kwa jumla kutoka kampuni ileile na kuusambaza wao wenyewe. Wanaotumia umeme ndio wenye mali.

Mama Pacha na mumewe walipita nyumba kwa nyumba. Familia arobaini na moja zilikubali. Mkutano wa kwanza ulifanyika katika darasa la shule. Watu wazima walibanana kwenye madawati ya watoto, magoti yakigusa kidevu.

Hapo akasimama kaka mkubwa wa mume wa Mama Pacha, mwenye shamba kubwa kuliko wote. Watu walimwita Tajiri. Alisema atatoa nguzo zote kutoka msitu wake, bure. Ila alitaka apewe kura kumi.

Wengi walifurahi. Mume wa Mama Pacha alitazama sakafu. Kaka huyo ndiye aliyemlea baada ya wazazi wao kufa.

Mama Pacha alimuuliza Fundi kama jambo hilo linaruhusiwa.

"Haliruhusiwi," Fundi alijibu. "Mwanachama mmoja, kura moja, hata akiwa na hisa mia. Akiwa na kura kumi, mali ni yake. Ninyi mtakuwa wateja wake tu."

Mama Pacha alisimama.

"Shemeji, tunakuheshimu," alisema. "Umemlea mume wangu. Lakini ukiwa na kura kumi, siku ukikasirika utatuzimia taa. Jiunge nasi kwa kura moja."

Tajiri alivaa kofia yake akatoka. Wanachama walinyoosha mikono kupitisha kwamba kila mmoja awe na kura moja tu. Mume wa Mama Pacha alikuwa wa mwisho kunyoosha wake, lakini aliunyoosha.

Kazi ikawa nzito. Kila familia ilileta miti mitatu. Fundi aliikataa iliyopinda. Aliwafundisha kuibambua magome, kuikausha na kuipaka dawa ya mchwa. Tajiri alikataa nyaya zipite kwake, kwa hiyo walilizunguka shamba lake na kuchimba mashimo mengine ishirini. Kwa mwaka mzima ndugu wale wawili hawakusalimiana. Mama Pacha aliona mumewe alivyokonda, na mara nyingine alijuta kusema.

Kabla ya umeme kuwaka, Fundi aliwakusanya wote, wakubwa kwa wadogo. Aliwaonya wasiguse kamwe waya ulioanguka, hata ukionekana umekufa. Wakae mbali, wawazuie wengine, wamwite fundi.

Umeme uliwaka siku ya Jumatano, mchana. Ushirika uliweka tangi la kupoza maziwa karibu na shule. Maziwa ya jioni yakalala salama, na asubuhi gari la kiwanda likayabeba yote.

Mkutano wa mwaka uliofuata, Tajiri aliingia darasani. Alikuwa amenunua hisa kama mtu mwingine yeyote. Alisimama mlangoni, hajui akae wapi. Mdogo wake alisogea kwenye dawati.

"Kaa hapa, kaka," alisema.

Ukafika wakati wa kuchagua kamati. Fundi alipita akihesabu mikono. Alipofika kwa Tajiri alihesabu mmoja, akaendelea.