Mama Alivyotaka Kuwa Shahidi wa Mapanki Yangu

Kamikazi, rafiki na mshirika wangu, alisimama mbele ya kanisa na kopo la unga wetu mkononi. Akawaambia waumini unga ule unamaliza presha, kwa hiyo vidonge vya hospitali watupe!

Wadau, ngojeni niwaeleze tulivyofika hapo.

Mimi ni Winifred, Mnyarwanda niliyekulia Mwanza. Huko ndiko nilikojulia mapanki, mifupa na ngozi zinazobaki samaki akishatolewa minofu. Hapa Masaka, Kigali, mimi na Kamikazi tunayasaga, tunayachanganya na utomvu wa papai bichi mpaka protini ikatike vipande vidogo sana, wataalamu wanaviita peptaidi. Halafu tunakausha unga.

Chuo kimoja bado kilikuwa kinaupima. Huenda unasaidia mishipa ya damu. Huenda! Tulikubaliana tuuze kama chakula tu.

Nikainuka nimkatize. Mzee wa kanisa akanivuta nikae, kwetu ushuhuda haukatizwi. Nikakaa jamani.

Kamikazi akaita shahidi wake.

Akasimama mama yangu mzazi.

Mama ana presha kali. Vidonge namwekea mkononi mwenyewe kila asubuhi. Kumbe, alivyosema pale, tangu Pasaka anavitema nikigeuka, anakula unga wangu tu.

Watu wakapiga makofi. "Imana ishimwe!" yaani Mungu asifiwe.

Nikakimbilia mbele. Kabla sijamfikia, mdomo wake ukaenda upande, akaanguka.

Hospitalini daktari alisema ni kiharusi. Pale koridoni nikamshika Kamikazi nguo.

"Umemdanganya mama yangu!"

"Winnie, yeye ndiye aliyenifuata. Aliniapia amepona. Nikamwamini."

Nilitaka kumchukia, nikashindwa. Alikuwa analia kuliko mimi.

Baada ya siku kadhaa Mama akaanza kusema nusu nusu. Nikamuuliza kwa nini.

"Ningemeza vyote viwili... wangesema ni vidonge vimeniponya. Nilitaka wajue... ni kazi ya mwanangu."



Mkono wake wa kulia hauinuki mpaka leo. Namlisha kwa kijiko, na bado anawasifia wauguzi unga wangu. Nikimkanya anatabasamu kwa upande mmoja tu wa uso.

Nyie mnaouza virutubisho humu, chakula kiiteni chakula. Kuna mtu nyumbani anawapenda kiasi cha kujiua ili maneno yenu yawe kweli.

Mimi wangu ni Mama.